Mrututu Hautibu Bwawa la Kijani

Tangu serikali ilipoanzisha mwaka 2009 mradi wa kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja la maeneobunge 140, wafugaji wa Meru na Embu hawajaacha kutuuliza swali lile lile: maji yamegeuka kijani, nitie dawa gani? Na kabla hawajajibiwa, jirani mkulima wa kahawa amekwisha kuwapa mrututu, akidai kwamba kinachozuia kutu ya majani hakiwezi kushindwa na mwani.

Rai hiyo ni batili, na hisabu ya mtoto wa shule yatosha kuibatilisha. Mwani ukipata jua, joto na mbolea, waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja. Basi hata mrututu ukiua chembe 99 katika kila 100, ile moja iliyosalia huwa mbili kesho, nne keshokutwa, na siku ya saba huwa 128, yaani zaidi ya zile zilizokuwapo kabla ya sumu. Wala chakula chake hakikupungua, maadamu mwani uliokufa, ukioza, huyarudishia maji fosforasi na naitrojeni yote uliyokuwa umeichukua, ilhali kuoza kwenyewe hula oksijeni hata alfajiri tilapia wakaonekana wakitweta juu ya maji, au wakielea wamekufa. Fauka ya hayo, maji yateremkayo kutoka Mlima Kenya aghalabu ni laini, hayana chokaa ya kutosha kuipunguza makali shaba iliyomo katika mrututu, na kipimo kisichodhuru kwingineko huweza kuwaangamiza samaki hapa. Tena ziko aina za mwani, Microcystis ikiwa mojawapo, zilizo na sumu ndani ya chembe, na chembe zikipasuka kwa mrututu sumu hiyo humwagika katika maji yale yale anayonyweshwa ng'ombe. Nasema wazi: mrututu ubaki kwenye mikahawa.

Wako wanaohoji kwamba maji yalipimwa yakaonekana hayana mbolea, na mwani ungali wazidi. Hao wafikiri kama Jacques Monod, Mfaransa aliyechunguza bakteria katika miaka ya 1940, aliyeufungamanisha ukuaji na chakula kilichomo majini. Lakini mwaka 1968 Michael Droop, huko Scotland, alibainisha kwa mlinganyo kwamba mwani hukua kwa kadiri ya akiba iliyomo ndani ya chembe. Kwa hivyo mbolea iliyosombwa na mvua ya Aprili huendelea kuulisha hata baada ya maji kuonekana hayana kitu. Ukiongeza katika mlinganyo huo mwanga na joto vinavyobadilika, utaona kwa nini samadi iliyofaa Februari yaweza kuleta msiba Julai, mawingu yanapoukalia mlima siku nyingi mfululizo: mwani huvuta oksijeni usiku kucha, na mchana haupati jua la kuirudisha.

Na ukijani wenyewe, kwa kiasi chake, ni riziki ya tilapia. Tumbukiza mkono hadi kiwiko: kiganja kikionekana dhahiri, tia samadi kidogo, kikitoweka kabla kiwiko hakijagusa maji, acha samadi, punguza chakula nusu, ingiza maji mapya, vua samaki waliokomaa, na uchimbe mtaro wa kuyageuza maji ya mvua yatokayo shambani. Siku za mawingu usitie mbolea kamwe, na ukiwakuta samaki wakitweta alfajiri, fungulia maji papo hapo, usingoje jua litoke.