Kuzama kwa Jua na Kuingia kwa Giza: Suala la Wafungaji wa Kigoma

 

Ndugu yetu mmoja wa Ujiji ametuuliza. Anasema kuwa nyumbani kwao, tangu utotoni mwake, walikuwa wakifuturu kwa adhana ya redioni, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam. Siku moja alitoka uani na tende mkononi, akaliona jua bado lipo juu ya ziwa. Je, funga zao za miaka yote hiyo zina hukumu gani?

Kabla ya hukumu tueleze kwanza jua huzama vipi, maana kosa lilianzia hapo. Ardhi huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na hukamilisha nyuzi 360 kwa muda wa siku moja. Kila saa huenda nyuzi 15, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Mji ulio mashariki hugeuka ukalipa jua kisogo mapema kuliko ulio magharibi. Dar es Salaam ipo kwenye nyuzi 39 na robo za mashariki, na Kigoma ipo kwenye nyuzi 29 na zaidi kidogo ya nusu. Tofauti ni nyuzi 9 na theluthi mbili hivi. Zidisha kwa 4, utapata dakika 38 au 39. Kwa kuwa miji hii miwili haipo kwenye latitudo moja, tofauti hiyo haitulii mwaka mzima: hupungua hadi kiasi cha dakika 35 mwezi Disemba na kufika 42 hivi mwezi Juni.

Linalowadanganya watu ni saa ya ukutani. Tanzania nzima inatumia saa moja, nayo imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45, ambao unapita baharini, mashariki kabisa ya nchi yetu. Kwa hiyo Dar es Salaam jua huzama baina ya saa 12:14 na saa 12:47 jioni kwa mujibu wa majira, na Kigoma ni baina ya saa 12:53 jioni na saa 1:24 usiku. Mtu wa pwani akisema “saa moja usiku” huwa giza limeshaingia. Mtu wa Kigoma mwezi wa Februari, saa hiyo hiyo, bado analitazama jua.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na muwaqqit, mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya kuhesabu nyakati za swala. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 777 Hijria (1375), alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya, Damascus, na alikuwa miongoni mwa wanafalaki wakubwa wa zama zake. Ama aya ya Suratul Kahf inayotaja Dhul-Qarnayn kulikuta jua likizama katika chemchemi, Ibn Kathir ameeleza kuwa hivyo ndivyo lilivyoonekana machoni mwake, kama anavyoona yeyote asimamaye ufukweni.

Kigoma kuna jambo jingine. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna milima ya Kongo, na jua hujificha nyuma yake dakika chache kabla ya kuzama kikweli. Basi aliye ufukweni asiharakie tende zake. Hadithi ya Sayyidna Umar (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, imetaja alama zaidi ya moja: usiku kuja kutoka upande huu, mchana kuondoka upande ule, na jua kuzama. Imam An-Nawawi akaeleza kuwa penye milima na majengo huangaliwa miale iondoke vileleni na weusi uchomoze mashariki. Mtu wa Kigoma na ageuke nyuma, atazame vilima vya upande wa Kasulu.

Giza lenyewe huja kwa haraka kwetu kuliko nchi za kaskazini, kwani karibu na ikweta jua hushuka wima. Baada ya dakika 20 na ushei huhitaji taa. Wekundu wa magharibi, yaani shafaki, ambao kwa Imam Shafi ndio mwisho wa Magharibi na mwanzo wa Isha, huendelea. Ratiba nyingi huhesabu Isha jua linapokuwa nyuzi 18 chini ya upeo, na kwa Kigoma hiyo ni saa moja na dakika 9 hadi 16 hivi baada ya kuzama.

Sasa hukumu. Aliyefuturu akidhani jua limezama, kisha ikabainika halijazama, hana dhambi, lakini jamhuri ya wanazuoni wanamwajibisha kulipa siku hiyo. Wapo waliosema halipi, akiwemo Ibn Taymiyya, kwa kutegemea hadithi ya Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) kuhusu siku ya mawingu. Sisi tunaona kauli ya jamhuri ndiyo yenye tahadhari, hasa kwa kuwa hapa hapakuwa na mawingu. Ilitosha kufungua mlango na kutazama.

Swala za Magharibi walizoziswali kabla ya wakati zina nafuu ya ajabu. Al-Barizi, katika wanazuoni wa Kishafi, aliulizwa kuhusu mtu aliyeswali Alfajiri kabla ya wakati kwa miaka 20 bila kujua. Akafutu kuwa anadaiwa swala moja tu, kwani swala ya kila siku inahesabiwa kuwa ni kadha ya jana yake. Kwa funga hakuna njia hiyo. Kila siku iliyokatwa kabla ya jua kuzama ni siku pungufu, haiwezi kuilipia nyingine. Ndugu yetu na ahesabu tangu alipobaleghe, aondoe Ramadhani ambazo ana yakini alifuturu kwa jua la kwao, na zilizobaki azilipe kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake.