Mlinzi wa stoo naye ana kiu

BUJUMBURA. Katika mtaa wa Kigobe, lilipo jengo la Bunge la Burundi, joto huzidi mwishoni mwa kiangazi, mwezi Septemba, kabla mvua hazijashika. Mfanyabiashara anayefunga safari ya Kigoma humwacha mbwa alinde bidhaa, pengine kwa mnyororo, chini ya bati. Hapo ndipo penye hatari: mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema, na kuhema humpunguzia maji.

Nyumbani kuna kitoweo cha kumsaidia. Chemsha ndagala bila chumvi wala kitunguu, chuja supu, igandishe kwenye kikombe. Tikiti maji lisilo na mbegu wala ganda nalo linafaa. Umeme ukikatika, mpe supu iliyopoa siku hiyohiyo.

Barafu hiyo haichukui nafasi ya kivuli na maji safi. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu kazi ya kujaza bakuli asubuhi, mchana na jioni.

Mbwa akihema kupita kiasi, akitoa mate mazito na kuyumba, mmwagie maji ya kawaida, mpepee na umwahishe kwa daktari wa mifugo. Joto la mwili likivuka nyuzi 41, anaweza kufa.