Ulizaliwa tarehe 12, mbona tovuti inasema 11?

Huenda imeshakukuta. Unamsajili mwanao kwenye mfumo wa shule, unafungua kale kakalenda kwenye fomu, unagusa 12 Machi 2019, unahifadhi. Baadaye unarudi kuangalia taarifa zake, unakuta 11 Machi 2019. Unajisemea labda kidole kiliteleza. Unarekebisha, unahifadhi tena, unaangalia: 11. Kidole chako hakina kosa lolote. Mfumo umekula siku moja, na ukiwauliza watengeneza tovuti wa ukanda wetu, wengi watacheka kidogo kwa uchungu, kwa sababu wanajua siku hiyo imeenda wapi.

Imeenda Greenwich. Hebu tuifuate.

Kompyuta haina kalenda kichwani, ina namba. JavaScript, lugha inayoendesha karibu kila ukurasa unaoufungua kwenye simu, ina chombo kinachoitwa Date, na ndani ya chombo hicho mna namba moja tu: ni milisekunde ngapi zimepita tangu 1 Januari 1970 ilipoanza, kwa saa za UTC. UTC ndiyo saa ya marejeo ya dunia nzima. Kwa mahitaji yetu leo, ichukulie kuwa ni ile saa ya Greenwich tuliyoisoma kwenye jiografia. Siku moja ni milisekunde 86,400,000. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa 3, yaani milisekunde 10,800,000. Namba hiyo ya pili ndiyo mwizi wetu.

Ukigusa 12 Machi, programu ya kalenda inatengeneza Date. Lakini Date haiwezi kubeba "tarehe 12" hivi hivi, inadai wakati kamili mpaka milisekunde. Basi programu inajiamulia yenyewe: saa sita kamili usiku, pale tarehe 12 inapoanza, kwa saa za simu yako. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale taarifa inapotumwa kwenye seva. Ili itumwe lazima igeuzwe maandishi, na JavaScript ikigeuza Date kuwa maandishi ya kutuma hutumia saa za UTC. Saa sita usiku Dar es Salaam, Greenwich ni saa tatu usiku, na bado ni jana yake. Kinachosafiri ni hiki:

2019-03-11T21:00:00.000Z

Ile Z ya mwisho inasema "hii ni UTC". Kihesabu hakuna kosa hata chembe. Ni wakati ule ule, umeandikwa kwa saa ya mji mwingine. Sasa seva inapokea, inaona kwamba safu ya hifadhidata inataka tarehe tu, inakata kila kitu kuanzia herufi T. Inabaki 2019-03-11. Kisu kimepita, na zile saa 21 zilizokuwa zinatuambia kwamba kwetu ni 12 zimetupwa.

Kuna fomu mbaya zaidi. Baadhi yake, kila ukiifungua taarifa, huisoma ile tarehe upya, huirudisha kwenye saa sita usiku ya hapa, kisha huituma tena kwa njia ile ile. Mzazi anaingia kubadilisha namba ya simu tu, hajagusa tarehe kabisa, na mtoto anazaliwa siku moja mapema zaidi. Akibadilisha namba mara tano, siku tano zimekwenda.

Utauliza: kosa la wazi namna hii, waliotengeneza hizi programu hawakuliona? Jibu lake ndilo linalonivutia kuliko yote. Kila mtu hulijaribu tovuti akiwa kwenye kiti chake. Mtu aliyeketi New York yuko nyuma ya UTC kwa saa 4 au 5, kutegemea majira. Saa sita usiku yake, Greenwich ni alfajiri au kunakaribia kucha, lakini ni tarehe ile ile. Akikata kwenye T, anapata jibu sahihi siku zote za maisha yake. Yeye ana ugonjwa wa upande wa pili: akimpa Date maandishi "2019-03-12" peke yake, JavaScript huyahesabu kuwa ni mwanzo wa siku kwa UTC, na New York wakati huo bado ni saa mbili usiku ya tarehe 11. Kwake tarehe hurudi nyuma wakati wa kusoma, kwetu hurudi nyuma wakati wa kuandika. Yeye akilitibu la kwake na kutoa maktaba ya programu kwa dunia nzima, sisi tunaipakua na kuugua.

London nako kuna kichekesho chake. Majira ya baridi saa zao ni sawa na UTC, kiangazi wanasogeza mbele saa moja. Kwa hiyo tovuti yenye kosa hili itamtunzia vizuri Mwingereza aliyezaliwa Januari, na kumnyang'anya siku yule wa Julai. Mtengeneza tovuti akijaribu kwa tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa, kama tulivyo wengi, matokeo yanategemea mama yake alijifungua mwezi gani. (Halafu kati ya Oktoba 1968 na Oktoba 1971 Uingereza ilikaa saa moja mbele ya UTC mwaka mzima, kwa hiyo hata ile 1 Januari 1970 kompyuta inayoanzia kuhesabu, London ilikuwa saa saba usiku. Mambo ya saa ukiyachimba hayaishi.)

Sisi tuna bahati ya kutosogeza saa kila majira, hivyo kosa letu halibagui mwezi. Lakini lina ndugu yake anayejificha vizuri. Mara nyingi programu inahitaji kuandika "leo ni tarehe ngapi", na njia ya mkato inayopendwa ni kuchukua wakati wa sasa, kuugeuza maandishi ya UTC, na kukata herufi 10 za kwanza. Ukijaribu saa nne asubuhi ukiwa ofisini, jibu ni sahihi. Jioni pia ni sahihi. Jibu linaharibika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku tu, kwa sababu ndani ya saa hizo 3 Greenwich haijavuka kwenda siku mpya. Nani anajaribu tovuti saa nane usiku? Muuguzi wa zamu ya usiku hajaribu, anaitumia. Mtoto akizaliwa saa saba usiku na tarehe ikajazwa na mfumo wenyewe, kwenye kumbukumbu kazaliwa jana. Wazee wetu walikuwa na maneno ya kuikwepa mitego hii: "usiku wa kuamkia Ijumaa". Ukisema hivyo hakuna anayechanganyikiwa ni usiku upi. Kompyuta haina neno hilo.

Siku moja ina uzito gani? Kwa chanjo ya wiki ya 6, si mkubwa. Kwa karatasi, ni mkubwa sana. Namba ya NIDA ya Mtanzania ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mfumo wowote ukilinganisha namba hiyo na tarehe iliyokwishaliwa siku moja, watu hao wawili hawafanani, na anayeambiwa "taarifa zako haziendani, nenda kalete kiapo" ni mwenye namba, si mwenye mfumo. Kuna pia wale ambao siku halisi haikuandikwa popote, wakaandikiwa 1 Januari. Hao ni wengi, hasa watu wazima. Mfumo ukiwarudisha siku moja nyuma, 1 Januari 1966 inakuwa 31 Desemba 1965. Mwaka mzima umebadilika kwenye karatasi, na umri wa kustaafu huhesabiwa kutoka hapo.

Sasa tuje kwenye tiba, na nianze na ile nisiyoipenda, maana ndiyo ya kwanza kumjia mtu: "Ongeza saa 3 tu." Kwa vijana itaonekana imefanya kazi. Lakini saa za ukanda huu hazikuwa saa 3 tangu zamani. Historia za saa za dunia zimetunzwa kwenye mkusanyiko mmoja wa wazi unaojulikana kama tz, ulioanzishwa na Arthur David Olson, ambao tangu 2011 unahifadhiwa na IANA. Simu yako ina nakala yake. Humo Nairobi imeandikwa kuwa mbele ya UTC kwa saa 2 na dakika 30 kwa miaka kadhaa, kisha kuanzia 1937 saa 2 na dakika 45, na saa 3 za sasa zinaanza Agosti 1942. Katika data kuu ya mkusanyiko huo, Dar es Salaam imeelekezwa tu kwenye historia ya Nairobi.

Chukulia bibi aliyezaliwa 5 Mei 1938. Mtu wa "saa 3 tu" anahesabu saa sita usiku ya siku hiyo kwa kutoa saa 3, anahifadhi. Kivinjari kinapoonyesha, kinajua kwamba 1938 tofauti ilikuwa saa 2 na dakika 45, kinaongeza hizo. Kunapungua robo saa. Bibi anatokea kwenye skrini akiwa amezaliwa saa sita kasoro robo usiku, 4 Mei. Umewatibu wajukuu ukamwacha bibi.

Tatizo hasa halimo kwenye saa 3. Limo kwenye kuifanya tarehe ya kuzaliwa kuwa wakati, nayo si wakati. Muamala wa pesa ni wakati: ulitokea kwenye nukta moja duniani, na ni haki aliyeko Muscat na aliyeko Dodoma wauone kwa saa zao tofauti. Tarehe ya kuzaliwa ni jina la siku kwenye kalenda. Aliyezaliwa Mbeya 12 Machi akahamia Toronto husherehekea 12 Machi ya Toronto. Hakuna anayekaa kupiga hesabu kwamba ikifika jioni ya tarehe 11 kule, Mbeya tayari ni 12, kwa hiyo keki ikatwe sasa hivi. Jina la siku halibadilishwi saa, kama jina lako lisivyobadilika ukivuka mpaka wa Namanga.

Kwa hiyo tiba ni kuiacha. Kisanduku cha tarehe cha HTML yenyewe, kile ambacho kivinjari hukichora bila maktaba yoyote, kinampa mtengeneza tovuti maandishi "2019-03-12". Safi kabisa, hayana saa wala ukanda. Hifadhidata kama PostgreSQL nayo ina aina ya safu iitwayo date, inayopokea maandishi hayo hayo. Ncha zote mbili ziko sawa! Sisi wa katikati ndio tunaoichukua tarehe nzima, kuifanya Date "ili iwe ya kitaalamu", na kuivunja. Na kuwa mwangalifu katika kurudi pia: maktaba mashuhuri ya kuunganisha Node.js na PostgreSQL, iitwayo pg, kwa mazoea yake huisoma safu ya date na kuikabidhi kama Date ya saa sita usiku ya hapo ilipo, na mzunguko unaanza upya usipoiambia ikuachie maandishi.

Lawama nyingine ni za historia. JavaScript ilizaliwa 1995 kwa haraka kubwa, Date yake ikanakiliwa kutoka Java ya wakati huo pamoja na vituko vyake, kikiwemo kile cha kuuita Januari mwezi wa 0. Java waliachana na muundo ule miaka mingi iliyopita. Upande wa JavaScript mrithi anaitwa Temporal, na ndani yake kuna aina iitwayo PlainDate: mwaka, mwezi, siku, basi. Haina saa, haina kanda, haiwezi kwenda Greenwich hata ukiituma. Firefox ilianza kuja nayo toleo la 139, Mei 2025. Simu za zamani zitachukua muda, hivyo maandishi ya kawaida bado ndiyo dawa ya kila siku.

Kama wewe ndiye unayetengeneza, jaribu hivi leo: weka saa ya kompyuta yako iwe saa nane usiku, ingiza 1 Januari, hifadhi, fungua, hifadhi tena. Kisha badilisha kanda ya saa iwe New York, rudia. Kisha Kiritimati, kile kisiwa cha Pasifiki kilicho mbele ya UTC kwa saa 14. Ingiza na tarehe ya bibi.

Ukikuta limeshaharibika, usikimbilie kuongeza siku moja kwa kila mtu. Angalia kwanza kama kuna nakala iliyohifadhi zile saa: safu zenye 21:00 zinajitaja zenyewe na zinarekebishika bila kubahatisha. Zilizokwishakatwa kwenye T hazitofautiani na za watu waliozaliwa tarehe 11 kwelikweli, au walioingizwa na karani kwa njia nyingine ambayo haikuwa na kosa. Hizo utazilinganisha na tarakimu 8 za NIDA pale namba ipo. Kwa watoto ambao hawana namba hiyo, itabidi mtu akae na rundo la vyeti vya kuzaliwa, kimoja kimoja.