Je, Maji Maangavu ni Salama?

Maji ya kisima yasiyo na rangi wala harufu huenda yakawa na vijidudu vya maradhi. Katika mitaa iliyosongamana ya miji kama Musoma na Bunda, choo cha shimo kikiwa karibu na kisima, uchafu waweza kupenya ardhini bila kuonekana. Ndiyo maana hupimwa.

Sampuli huchotwa kwa chupa iliyotakaswa, ikahifadhiwa penye baridi hadi maabara. Huko mililita 100 huchujwa, na kichujio huwekwa juu ya chakula cha bakteria, katika nyuzi 44 za Sentigredi, kwa saa 24. Bakteria wa kinyesi wakiota, maji yachemshwe kabla ya kunywewa. Wasipoota, jibu hilo ni la siku ile tu. Baada ya mvua kubwa, kisima kipimwe tena.