Barabara Ilimfaa Nani? Jinsi Watafiti Wanavyopima Fedha za Usafirishaji

Ukimwuliza mtahiniwa aeleze mchango wa usafirishaji katika uchumi, mara nyingi utapata jibu hili: "Barabara huleta maendeleo kwa sababu bidhaa husafirishwa kwa urahisi." Sentensi hiyo si kosa. Shida yake ni kwamba ingeweza kuandikwa kuhusu nchi yoyote na mwaka wowote, na msahihishaji ameshaisoma mara mia kabla ya kufika kwenye karatasi yako. Katika mada hii tutaangalia watu ambao kazi yao ni kuihoji sentensi hiyo, yaani watafiti wa fedha za usafirishaji. Wao huuliza: fedha zimetoka wapi? Zingeweza kufanya kitu gani kingine? Nani amefaidika? Je, faida hiyo isingepatikana hata bila barabara?

Tuanze na reli ya TAZARA, kwa sababu hapo watafiti walipingana waziwazi.

Zambia ilipata uhuru mwaka 1964. Ilikuwa na shaba nyingi lakini haina bahari, na njia yake kuu ya reli kwenda baharini ilipita Rhodesia, nchi iliyotawaliwa na walowezi. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitaka reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walilipima wazo hilo wakasema halilipi. Hoja yao ilikuwa rahisi: reli ya kusini ipo tayari na ina nafasi, hivyo fedha za kujenga reli nyingine zitapotea. Mzigo uliobaki ungetoshwa na barabara.

Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ikajitangazia uhuru wa upande mmoja. Njia ya kusini ikawa mashakani, na mafuta ya Zambia yakaanza kubebwa kwa malori kupitia kwetu, Morogoro, Iringa na Mbeya, kwenye barabara ya vumbi na tope. Mwaka 1966 upembuzi yakinifu mwingine, uliofanywa na kampuni ya Maxwell Stamp ya Uingereza, ukasema reli inawezekana na inaweza kulipa. Milima ilikuwa ileile na shaba ileile. Kilichobadilika ni dhana ya kuanzia. Wa kwanza walidhani njia ya kusini itaendelea kuwa wazi. Wa pili hawakuweza tena kudhani hivyo. Hapa ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu wapige mstari: matokeo ya upembuzi yakinifu hutegemea sana mambo ambayo mtafiti ameyachukua kuwa kweli kabla hajaanza kupiga hesabu.

Nchi za Magharibi hazikutoa fedha za reli. China ilikubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli ikakamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860, na kidogo zaidi ya nusu yake iko Tanzania. Haipiti Iringa mjini. Inatoka Kilombero, inapanda milima hadi Makambako, mji uliokuwa katika Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012, na hapo inakutana na barabara kuu ya TANZAM.

Sasa swali la mtihani: je, TAZARA ilifanikiwa?

Ukipima kwa tani, jibu ni gumu kulitetea. Reli ilibuniwa kubeba takriban tani milioni 2 kwa mwaka na haikuwahi kufika huko. Baadaye mzigo ulishuka sana, hasa baada ya njia za kusini kufunguliwa tena na malori kuongezeka barabarani. Ndiyo maana Septemba 2024 viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya awali ya kuifufua.

Lakini mwanahistoria Jamie Monson wa Marekani alipima kitu kingine. Badala ya kuangalia shaba tu, alikwenda kwenye stesheni ndogo za upande wa Tanzania, akazungumza na watu na kuchambua stakabadhi za vifurushi, yaani karatasi anazopewa abiria anaposafirisha mzigo wake. Humo alikuta biashara ambayo wataalamu wa miaka ya 1960 hawakuiweka katika hesabu zao: mchele, ndizi, mahindi na bidhaa nyingine za wafanyabiashara wadogo, kina mama wakiwemo, zikipanda na kushuka kwenye treni ya kawaida ya vituo vyote. Watu walihamia karibu na reli na kubadilisha kilimo chao kwa sababu yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 2009. Kwa hiyo mtafiti aliyesimama bandarini na mtafiti aliyesimama stesheni ya kijijini wanaweza kutoa majibu mawili tofauti kuhusu reli moja, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Ukiweza kueleza hilo kwa mfano huu, jibu lako limeshatoka kwenye kundi la "huleta maendeleo".

Mtego wa pili ni kulinganisha kabla na baada. Chukua barabara ya Iringa–Dodoma kupitia Mtera, takriban kilomita 260. Ilijengwa kwa lami kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na shirika la JICA la Japani, pamoja na fedha za serikali, ikazinduliwa Aprili 2018. Anayeikumbuka ya zamani anajua safari ilivyokuwa wakati wa masika. Leo mabasi ni mengi na nyanya za kwetu zinafika Dodoma zikiwa bado ngumu. Je, tuseme yote hayo ni kazi ya lami? Subiri. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na wafanyakazi wakaanza kuhamia huko. Mji ungekua na kuhitaji chakula hata kama barabara ingebaki ya changarawe. Mtafiti makini hutafuta eneo la kulinganisha: vijiji vinavyofanana na vya Migori au Izazi, ambavyo havikupata lami katika kipindi hicho. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo inayoanza kuonyesha kazi ya barabara yenyewe.

Halafu kuna suala la nani anabaki na faida. Tuseme (tarakimu hizi ni za mfano tu) kupeleka gunia la viazi kutoka kijiji cha Kilolo hadi Iringa mjini kulikuwa shilingi 8,000, na baada ya barabara kutengenezwa gharama halisi ya mwenye gari ni shilingi 3,000. Zimeokolewa shilingi 5,000. Kama magari ni mengi na yanagombania mzigo, nauli itashuka na mkulima atanufaika. Kama lori ni moja, na dalali ni yuleyule anayetaka lumbesa, nauli inaweza kubaki 8,000 na zile 5,000 zikaishia mfukoni mwa mwenye gari. Mwaka 2009 watafiti Supee Teravaninthorn na Gaël Raballand walilionyesha jambo hili kwa Afrika nzima: bei ya usafirishaji na gharama ya usafirishaji ni vitu viwili. Waliona kwamba Afrika Magharibi na ya Kati, ambako mizigo iligawanywa kwa mipango ya vyama, barabara nzuri peke yake haikushusha bei. Afrika Mashariki, kwenye ushindani zaidi, hali ilikuwa bora.

Fedha za kujenga huvutia kamera. Za matengenezo hazina sherehe. Mtaalamu wa Benki ya Dunia, Ian Heggie, alieleza kwamba karibu theluthi moja ya dola bilioni 150 zilizowekwa katika barabara za Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imepotea kwa kukosa matengenezo. Tafiti za namna hiyo zilisaidia kuzaa mifuko ya barabara katika nchi nyingi. Wetu, Mfuko wa Barabara, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Unapata fedha hasa kutokana na tozo ya kila lita ya mafuta, na sehemu kubwa lazima iende kwenye matengenezo. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Kwa hiyo hata mwenye bodaboda wa Ipogolo anachangia barabara, ingawa hajawahi kujiona mlipa kodi.

Je, anachangia kwa haki? Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Piga hesabu: ekseli iliyozidisha uzito kwa asilimia 20 ni 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2, yaani karibu 2.07. Mzigo umezidi kwa moja ya tano, uharibifu umezidi maradufu. Lakini tozo hufuata lita za mafuta, na lita haziongezeki kwa kiasi hicho. Sasa unajua kwa nini malori hupanga foleni kwenye mizani ya Wenda.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini upembuzi wa mwaka 1964 na ule wa 1966 kuhusu reli ya Zambia ulitoa majibu tofauti? (Alama 5)

2. "Barabara ya lami imeinua biashara kati ya Iringa na Dodoma." Eleza ni taarifa gani ungekusanya, na kutoka wapi, kabla ya kuikubali kauli hii. (Alama 10)

3. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 imebeba tani 13. Kadiria uharibifu wake umeongezeka mara ngapi, kisha jadili nani hasa analipia uharibifu huo. (Alama 10)