Cherehani Mbili, Fundi Mmoja

Jirani yangu mmoja, fundi wa nguo, ana cherehani mbili. Ya pili imefunikwa kitambaa tangu mwaka 2020, binti aliyekuwa akiitumia aliporudi kwao. Kikundi chetu cha akina mama kilitaka kumkopesha fedha apanue biashara. Akakataa. "Dada, fedha nizifanyie nini? Nileteeni wateja." Niliondoka nimeudhika kidogo, maana tulikwisha kuamua wenyewe kwamba shida yake ni mtaji.

Kumbe alituzidi akili. Mtu haajiri kwa sababu ana fedha. Huajiri kazi inapomzidi. Ikiwa magauni ya wiki nzima anayamaliza peke yake kwa siku tatu, mkopo utamwongezea deni tu.

Mama mwenzangu, mambo haya ni ya nchi nzima pia. Korona ilipoingia Kenya mwaka 2020, wengi walipoteza mishahara, na waliobaki nayo waliogopa kuitumia. Mwezi wa Aprili serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na waliopata shilingi 24,000 au chini kwa mwezi wakasamehewa kodi ya mapato, ili watu wabakiwe na cha kununulia. Nafuu ya VAT ilikoma Januari 2021.

Hata Marekani yalitokea. Oktoba 2009, ukosefu wa kazi ulifika asilimia 10. Chama cha wenye biashara ndogo, NFIB, kilipowauliza wanachama shida yao kubwa kuliko zote, jibu lililoongoza siku zile lilikuwa mauzo hafifu. Waliotaja mikopo walikuwa wachache sana.

Jambo linalonisumbua ni hili: mama anayeahirisha gauni ili alipe karo anafanya vyema, nami hufanya vivyo hivyo. Lakini tukiahirisha sote mwezi mmoja, binti wa watu anakosa kazi.

Sisemi kila duka hufungwa kwa kukosa wateja. Kuna umeme ghali na kodi ya pango, na mara nyingine wateja wapo, ila wamekwenda kwenye mitumba.

Tuliacha habari ya mkopo, tukampa fundi kazi ya sare zetu za Pasaka, 40 kwa jumla. Binti akaitwa, akashona majuma matatu. Sare zilipokwisha akarudi kwao, na kitambaa kikarudi juu ya cherehani.