Usaili wa Mahojiano: Jibu Huandaliwa Kabla ya Kuingia Chumbani

Tangazo la kuitwa kwenye usaili linapotolewa, waombaji wengi hufungua orodha, hutafuta majina yao, kisha huanza kupanga safari. Masharti yanayotangulia orodha hiyo hupitiwa kwa haraka au kurukwa kabisa. Hapo ndipo hasara huanzia kwa baadhi yao. Msailiwa hujigharamia mwenyewe usafiri, chakula na malazi, na anayezuiwa mlangoni kwa upungufu wa nyaraka hurejea nyumbani bila kuulizwa hata swali moja.

Ajira nyingi katika utumishi wa umma huendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa mujibu wa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya mwaka 2007. Maombi hupokelewa kupitia mfumo wa kielektroniki wa ajira. Wanaokidhi vigezo huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika, na wanaofaulu hapo huendelea na usaili wa mahojiano mbele ya jopo. Zipo kada zinazoongezewa usaili wa vitendo, kwa mfano madereva.

Kuhusu nyaraka, masharti yamekuwa yakijirudia karibu katika kila tangazo. Msailiwa anatakiwa kufika na kitambulisho kinachokubalika, kama vile cha Taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria, pamoja na vyeti halisi kuanzia cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne na cha sita hadi cha taaluma. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi anapaswa kuwa na uthibitisho wa mamlaka husika ya ithibati, na kada zinazosimamiwa na mabodi ya kitaaluma huhitaji cheti cha usajili au leseni iliyo hai. Namba ya mtihani nayo hunakiliwa mapema kutoka kwenye akaunti ya mwombaji.

Kikwazo kinachoumiza zaidi ni tofauti ya majina. Cheti cha kuzaliwa kikisoma jina moja, cha kidato cha nne kikikosa jina la kati na cha chuo kikiongeza jina la ukoo au la ndoa, msailiwa hutakiwa kuonesha hati ya kisheria inayothibitisha kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja. Mwombaji mwenye tofauti hiyo ni vyema aishughulikie wakati anatuma maombi, si usiku wa kuamkia usaili.

Baada ya nyaraka huja kazi kubwa zaidi, nayo ni kuandaa cha kusema. Chanzo cha kwanza cha maswali ni tangazo la kazi lenyewe, hasa sehemu ya majukumu. Kwa mfano, tangazo la nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III hueleza kwamba mwajiriwa atakuwa Afisa Masuhuli na mtendaji mkuu wa Serikali ya Kijiji, katibu wa mikutano na kamati za Halmashauri ya Kijiji, msimamizi wa ulinzi na usalama wa raia na mali zao, mtunza kumbukumbu na nyaraka, na mpokeaji wa malalamiko na migogoro ya wananchi. Aidha, huelezwa kwamba atawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Kila jukumu hapo ni swali linalosubiri kuulizwa.

Chukulia jopo limeuliza: "Wakulima na wafugaji katika kijiji chako wamegombania eneo la malisho. Utafanya nini?" Jibu linalosikika mara nyingi ni la namna hii: "Nitahakikisha ninashirikiana na wadau wote ili kuleta amani na maendeleo endelevu." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haina jibu. Inaweza kutolewa na mwombaji wa nafasi yoyote, kuhusu tatizo lolote.

Msailiwa aliyejiandaa husema atakachofanya na kwa mpangilio gani. Ataanza na usalama, yaani kuzuia watu wasiumizane na kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kata na Polisi iwapo zipo dalili za vurugu. Atasikiliza kila upande na kuweka maelezo yao kwenye kumbukumbu. Ataangalia iwapo kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi unaotenga eneo la malisho. Mgogoro ukihusu haki ya ardhi, ataufikisha kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji kwa ajili ya usuluhishi. Akiulizwa zaidi, anafahamu kwamba baraza hilo lina wajumbe saba, na kati yao wasiopungua watatu ni wanawake. Akiulizwa kuhusu uwajibikaji, anafahamu kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Maarifa haya hayahitaji kipaji cha kuzungumza. Yanahitaji jioni chache za kusoma sheria na miongozo ya kada husika.

Hata hivyo, wapo wanaoyafahamu yote hayo na bado hawasikiki. Jopo haliwezi kutoa alama kwa jambo ambalo msailiwa analijua lakini hakulisema, au amelisema kwa namna isiyoeleweka.

Jambo la kwanza ni kujibu katika sentensi ya kwanza. Akiulizwa, "Je, mtumishi anaruhusiwa kutoa nyaraka za ofisi kwa mtu wa nje?", aanze na "Haruhusiwi bila idhini", kisha aeleze sababu. Utangulizi mrefu wa kulishukuru jopo na kulisifu swali hula muda ambao ungetumika kwenye hoja. Jibu likikamilika, anyamaze. Wengi huharibu jibu zuri kwa kuendelea kulielezea hadi wakajipinga wenyewe.

Jambo la pili ni kasi. Hofu humfanya mtu aseme haraka na kumeza silabi za mwisho, na katika Kiswahili silabi moja inaweza kubadili taarifa nzima: "sita" na "sitini" hukaribiana zikisemwa kwa pupa, na kiambishi cha kukanusha mwanzoni mwa kitenzi kikipotea, "sikuhusika" husikika kama "kuhusika". Tarakimu zisemwe taratibu. Maneno ya kujazia pengo, kama "yaani", "kimsingi" na "nini hii", yapunguzwe, kwani sekunde mbili za ukimya hazimpunguzii mtu chochote. Lafudhi ya nyumbani si kosa na haina haja ya kufichwa.

Kwa wahitimu wa vyuo lipo tatizo la lugha linalostahili kutajwa. Wengi wamesomea taaluma zao kwa Kiingereza, hivyo wakitakiwa kueleza kwa Kiswahili huishia kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja, na zote mbili zikachechemea. Mhasibu anapaswa kuweza kusema mizania, ukaguzi wa ndani, masurufu na hati ya malipo bila kusitasita, kama anavyoweza kutaja istilahi hizo kwa Kiingereza. Kuandika istilahi 30 au 40 za kada yake kwa lugha zote mbili na kuzisema kwa sauti ni maandalizi yenye faida kuliko kukariri maswali ya miaka iliyopita.

Swali la "Tueleze kuhusu wewe" huwakwaza wengi kwa sababu huonekana jepesi. Halihitaji historia ya kuzaliwa na shule ya msingi. Dakika mbili zinatosha kutaja jina, elimu inayohusiana na nafasi, kazi au mafunzo ya vitendo yaliyofanyika, na jambo moja mahususi lililokamilishwa. Njia nyepesi ya kujipima ni kujirekodi kwa simu, kisha kumsikilizisha mtu asiyeifahamu taaluma hiyo, awe mjomba au jirani. Akishindwa kueleza alichosikia, jibu bado halijaiva.

Swali lisiposikika vizuri, inaruhusiwa kuomba lirudiwe. Lisipojulikana, ni heshima zaidi kukiri kwa ufupi kuliko kubuni. Mavazi yawe ya staha, na kigezo kizuri ni Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma.

Ufasaha unaozungumziwa hapa haumtengi mwenye kigugumizi au ulemavu wa kusikia. Matangazo ya kazi huwataka waombaji wenye ulemavu kuuainisha kwenye mfumo, na ni kwa manufaa yao kufanya hivyo mapema ili maandalizi yafanyike. Mwenye kigugumizi anaweza kulieleza jopo mwanzoni kwamba atahitaji muda kidogo zaidi.

Nafasi za kazi serikalini haziuzwi. Anayepiga simu akidai ana "mtu wake" kwenye jopo na kuomba fedha ni tapeli, au anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, ambayo humgusa pia anayetoa. Sheria hiyo hiyo inakataza rushwa ya ngono. Taarifa zipelekwe TAKUKURU, ikiwezekana zikiwa na namba ya simu na ujumbe uliotumwa.

Taarifa za matokeo na kupangiwa vituo hutolewa kupitia njia rasmi za Sekretarieti, ikiwamo akaunti ya mwombaji. Wapo wanaofaulu bila kupangiwa kituo mara moja kwa sababu nafasi zilizotangazwa zimejaa. Hao huhifadhiwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa nafasi za kada yao zinapojitokeza, hivyo ni muhimu namba ya simu na anwani zilizo kwenye akaunti ziwe zinazopatikana. Anayepangiwa kituo anatakiwa kuripoti kwa mwajiri ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua yake, akiwa na vyeti vyake halisi kwa ajili ya uhakiki kabla ya kupewa barua ya ajira.